Tafakari ya Juma: Nyuso Zilizorudishwa





Kila tarehe 26 Julai Mama Kanisa anawakumbuka Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Injili haiwataji hata mara moja. Majina yao tumeyapokea kutoka katika mapokeo ya kale, na waamini wamewapenda kwa sababu iliyo rahisi: kila mtoto ana bibi, na Mtoto Yesu naye alikuwa na bibi. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Dominika ya nne ya mwezi Julai, jirani na kumbukumbu hiyo.

Kwa desturi, siku kama hizi huwa nawahimiza kuwatembelea wazee wetu na kuwapelekea Komunyo Takatifu wale wasioweza kufika kanisani. Juma hili naomba twende mbali zaidi, hadi Kanada. Huko wapo akina bibi ambao sisi Wakatoliki tuna deni kwao, na zipo picha zao ambazo kila mmoja wetu angefaa kuzitazama kwa utulivu, kama vile mtu anavyotazama vituo vya Njia ya Msalaba.

Mahema nje ya uzio

Ipo picha ya kale iliyopigwa mwezi Mei mwaka 1885 huko Lebret, katika bonde la Qu'Appelle. Linaonekana jengo la shule lililozungushiwa uzio. Nje ya uzio yamesimama mahema ya wenyeji wa asili pamoja na mikokoteni yao. Wazazi waliosafiri ili wawaone watoto wao walizoea kupiga kambi karibu na shule za namna hii, wakingoja. Shule ile ilikuwa yetu. Iliongozwa na padre wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, na ndani yake walifanya kazi watawa wa kike waitwao Masista wa Kijivu.

Imekuwaje mzazi asimame nje ya uzio, na mwanawe awe ndani? Mwaka 1879 serikali ya Kanada ilimtuma mwanasiasa Nicholas Flood Davin kwenda Marekani kuchunguza shule zilizoanzishwa huko kwa ajili ya watoto wa wenyeji, naye akarudi na pendekezo kwamba Kanada ifanye vivyo hivyo. Fikra yenyewe ilikuwa hii: mtoto akikaa na wazazi wake atakuwa kama wao, kwa hiyo, ili asiwe kama wao, ni sharti atengwe nao. Mwaka 1883 Waziri Mkuu John A. Macdonald aliitetea fikra hiyo bungeni. Serikali ikaanza kugharimia shule kubwa za ufundi, na kati ya tatu za kwanza, mbili zikakabidhiwa Kanisa Katoliki. Mwaka 1920 sheria ilibadilishwa, ikawa ni lazima kwa watoto wa wenyeji wenye umri wa miaka 7 hadi 15 kuhudhuria shule waliyopangiwa. Mzazi aliyemficha mwanawe aliweza kuadhibiwa kama mhalifu.

Kwa jumla, watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi walipitia shule hizo za bweni kwa muda wa zaidi ya karne moja. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Shule zilizotambuliwa katika mapatano ya fidia zinakaribia 140, na zaidi ya nusu ziliendeshwa na taasisi za Kikatoliki. Naliandika jambo hili bila kuzungukazunguka, kwa sababu toba inayoanza na maneno ya kujificha haiwezi kuitwa toba.

Picha zilizosema uongo

Shule hizi zilipenda sana kamera. Huko Marekani, mwanajeshi Richard Henry Pratt alifungua shule ya Carlisle, jimboni Pennsylvania, mwaka 1879, na mpiga picha John Choate akawa anawapiga watoto picha mbili mbili. Ya kwanza ilipigwa siku walipofika, wakiwa na nywele ndefu na mavazi ya kwao. Ya pili ilipigwa baada ya muda, nywele zikiwa zimekatwa na wamevaa sare. Picha hizo zilipelekwa kwa wakubwa wa serikali na kwa wafadhili ili waone kazi inavyoendelea.

Kanada nayo ikaiga. Katika taarifa ya idara ya serikali iliyochapwa mwaka 1897 zimo picha mbili za mvulana mmoja wa shule ya Regina, shule iliyoendeshwa na Wapresbiteri, aliyeandikwa kwa jina la Thomas Moore. Katika moja amevaa mavazi ya kwao, nywele zimesukwa, na mkononi ameshika bastola. Katika nyingine nywele ni fupi, amevaa sare, anaegemea ukingo kama bwana mdogo wa mjini. Aliyezipanga picha hizi alitaka tuseme, "Tazama, mshenzi amekuwa mtu." Lakini yule alikuwa mtu tangu picha ya kwanza, na tangu tumboni mwa mama yake.

Hapo ndipo ulipo uongo wa picha hizo. Uso wa mtoto uligeuzwa kuwa ushahidi wa kazi njema ya mtu mwingine. Na yapo mambo mengi ambayo kamera haikuyaonyesha. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alitoa taarifa kwamba kifua kikuu kilikuwa kinawaua wanafunzi kwa kiwango cha kutisha katika mabweni yaliyosongamana na yasiyo na hewa. Mapendekezo yake yaliachwa pembeni. Mwaka 1922, baada ya kuondolewa kazini, alichapa kijitabu kwa juhudi yake mwenyewe akiyaita mambo hayo uhalifu wa taifa.

Kamera haikuonyesha pia maisha ya kila siku ya wasichana. Kwa miaka mingi shule nyingi zilifuata utaratibu wa nusu siku: nusu darasani, nusu kazini. Wasichana walishona, walifua, walipika na kusugua sakafu, kwa kuwa fedha za serikali hazikutosha kuendesha shule. Kaka na dada walitenganishwa, hata wakakaa ndani ya uzio mmoja bila kuruhusiwa kusemezana. Lugha ya mama ilipigwa marufuku, na aliyeitumia aliadhibiwa. Wengi waliitwa kwa namba. Wengi walipigwa, na wengi walitendewa unajisi na watu waliopaswa kuwa walinzi wao, wakiwemo, kwa aibu yetu, watu wa altare.

Mimi mwenyewe niliondoka nyumbani nikiwa na miaka 14 kwenda seminari ndogo. Nililia usiku wa kwanza, kama walivyolia wenzangu. Lakini baba ndiye aliyenisindikiza, sanduku akiwa amelibeba mwenyewe. Likizo ilipofika nilirudi, mama akaniita kwa jina la nyumbani, nami nikamjibu kwa lugha yetu. Nilipoanza kusoma habari za shule hizi za Kanada, nilikuwa nikijiambia kwamba bweni ni bweni tu. Nilikosea. Tofauti kati ya mtoto aliyepelekwa na mtoto aliyenyang'anywa ni kubwa kuliko bahari iliyo kati yetu na nchi ile.

Picha zilizosema kweli

Mwaka 2014 mpiga picha wa Marekani, Daniella Zalcman, alikwenda Kanada kuchunguza kwa nini virusi vya Ukimwi vilikuwa vimeenea miongoni mwa Mataifa ya Kwanza. Alipowauliza wagonjwa habari za maisha yao, jibu moja likawa linarudi tena na tena: shule ya bweni. Akaelewa kwamba ameshika tawi, na kwamba mzizi uko mahali pengine. Akarudi jimboni Saskatchewan na kuanza kuwapiga picha manusura, wanawake kwa wanaume. Kazi hiyo ilitoka katika kitabu mwaka 2016, kwa jina la Signs of Your Identity.

Namna yake ni ya pekee. Kila picha ni picha mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ya kwanza ni uso wa mtu mzima, pengine bibi mwenye wajukuu. Ya pili ni mahali au kitu chenye kumbukumbu: uwanja ambapo shule ilisimama, jengo lililobaki gofu, nyasi za uwandani. Ukitazama shavu la bibi unaona nyasi; ukitazama nyasi unaona macho ya bibi. Pembeni yapo maneno yake mwenyewe, yakieleza alichokumbuka.

Ndugu zangu, linganisheni picha hizi na zile za mwaka 1897. Zote zinaweka pamoja uso na shule. Lakini katika zile za kale shule inamsemea mtoto, naye amefungwa mdomo. Katika hizi mpya manusura anajisemea mwenyewe, na shule imebaki kivuli usoni pake. Zile zilidai kwamba yaliyopita yamefutika na mtu mpya amezaliwa. Hizi zinakiri kwamba yaliyopita hayakufutika, na kwamba mtu yuleyule aliyenyang'anywa mama yake yupo bado, anatutazama.

Kwa nini nawataja wanawake zaidi? Kwa sababu juu yao jeraha hili lilipita kutoka kizazi hadi kizazi. Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada, iliyofanya kazi tangu 2008 hadi 2015 na kukamilisha kazi yake chini ya uenyekiti wa hakimu Murray Sinclair, ilisikiliza ushuhuda wa manusura zaidi ya 6,000. Wengi walieleza kwamba walipopata watoto wao hawakujua namna ya kuwalea, kwa maana wao wenyewe hawakulelewa. Hawakujua kukumbatia, kwa maana hakuna aliyewakumbatia. Mtoto aliyenyimwa mama alikua, akawa mama asiyejua njia. Tume hiyo iliuita mpango mzima kuwa ni mauaji ya kimbari ya kiutamaduni. Kwa haki, taarifa yake haikuficha kwamba walikuwepo walimu wema na wanafunzi waliokumbuka wema wao. Lakini wema wa mtu mmoja mmoja haukuuondoa ule uzio.

Mmoja wa wanawake hao anajulikana kwa wote, Phyllis Webstad. Mwaka 1973, akiwa na miaka sita, bibi yake alimnunulia shati jipya la rangi ya chungwa la kuvaa siku ya kwanza ya shule. Alipofika shule ya misioni ya Mtakatifu Yosefu, karibu na Williams Lake, alivuliwa nguo zake, na lile shati hakulivaa tena. Tangu mwaka 2013 watu wa Kanada huvaa mashati ya rangi hiyo tarehe 30 Septemba, na tangu 2021 siku hiyo ni siku ya kitaifa ya ukweli na upatanisho. Taifa zima limejifunza toba kutokana na shati moja ambalo bibi alimnunulia mjukuu wake.

Kitambaa cha Veronika

Katika kituo cha sita cha Njia ya Msalaba tunamkumbuka mwanamke aliyepenya katikati ya askari akaupangusa uso wa Yesu, na uso ule ukabaki kwenye kitambaa chake. Mapokeo yamemwita Veronika, na wapo waliolifafanua jina hilo kuwa ni sura ya kweli. Hakuweza kuuondoa msalaba. Hakuweza kuwazuia askari. Alichoweza ni kukataa kugeuza macho pembeni, na kwa sababu hiyo akapewa uso.

Naamini picha za manusura ni kitambaa cha namna hiyo. Wengine walitaka nyuso hizo zisahaulike, au zionekane tu zikiwa zimeoshwa na kuvalishwa sare. Anayezitazama leo kwa heshima anashiriki kazi ya Veronika. Lakini sisi Wakatoliki tukumbuke kwamba katika kituo hiki hatukuwa upande wa Veronika peke yake. Tulikuwapo pia upande wa wale waliokuwa wanasukuma.

Na toba yetu ilichelewa. Waoblati waliomba radhi mwaka 1991, kabla ya wengi. Katika mapatano ya fidia, taasisi za Kikatoliki ziliahidi kujitahidi kukusanya dola milioni 25 za Kanada kwa ajili ya uponyaji wa manusura. Zikapatikana chini ya milioni 4, wakati majengo ya makanisa yaliendelea kujengwa na kukarabatiwa. Mwaka 2015 Tume ilimwomba Baba Mtakatifu afike Kanada kuomba radhi katika muda wa mwaka mmoja. Ilipita miaka saba. Mwaka 2021 taifa la Tk'emlúps te Secwépemc lilitangaza kwamba rada imeonyesha mahali panapodhaniwa kuwa na makaburi yasiyo na alama kwenye eneo la iliyokuwa shule ya Kamloops, na dunia nzima ikashtuka. Mwaka huohuo maaskofu wa Kanada waliomba radhi na kuahidi dola milioni 30.

Tarehe 25 Julai 2022 Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa mgonjwa wa goti na amekaa kwenye kiti cha magurudumu, alifika Maskwacis, mahali ilipokuwa shule ya Ermineskin. Hapo aliomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji wa asili. Mbele yake uliletwa utepe mrefu mwekundu wenye majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliokufa shuleni, naye akaubusu. Kesho yake, siku ya Yoakimu na Anna, alikwenda kuhiji pamoja nao kwenye ziwa la Mtakatifu Anna, Lac Ste. Anne, ambako mahujaji wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1889. Akazungumza nao juu ya akina bibi, ambao kupitia kwao imani hurithishwa kwa lugha ya nyumbani, kwa kubembelezwa na kwa kukumbatiwa. Papa Fransisko aliaga dunia tarehe 21 Aprili 2025. Sala ile ya Lac Ste. Anne ni urithi aliotuachia.

Na huku kwetu?

Msije mkasema kwamba hayo ni ya Wazungu wa mbali. Katika Kongo, Rwanda na Burundi za wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walichukuliwa kwa mama zao na kuwekwa katika misioni. Nyumba ya Save nchini Rwanda ilikuwa mojawapo, na wengi wa watoto wake walipelekwa Ubelgiji. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel mwaka 2019. Wanawake watano, waliochukuliwa wakiwa wadogo na kulelewa katika misioni ya Katende huko Kasai, waliishtaki serikali ya Ubelgiji. Walishindwa mwaka 2021, wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba walilotendewa lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Picha za wazee hao zilienea katika magazeti ya nchi nyingi: akina bibi waliovaa vizuri, wakitazama mbele. Mbali na fidia, walitaka dunia ikiri kwamba walikuwa na mama.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Nawapa mambo mawili ya kubeba juma hili.

La kwanza linatuhusu sisi wenye madaraka parokiani, nami nikiwa wa kwanza. Tunapowapiga picha watoto yatima au wanaosaidiwa na Kanisa ili kuwatumia wafadhili, tunapenda picha mbili: kabla na baada. Kabla, miguu pekupeku na machozi. Baada, sare na tabasamu. Nimewahi kutuma picha za namna hiyo, kwa nia njema kabisa. Waliopiga zile za mwaka 1897 nao walidhani wana nia njema. Kuanzia sasa tusipige picha ya mtoto kabla ya kumwomba ruhusa yeye na mlezi wake, na tusimtangaze kwa machozi yake. Mtoto si ushahidi wa ukarimu wetu.

La pili ni la kila familia. Mtafuteni bibi, wa kwenu au wa jirani. Kaeni naye, mwulizeni habari za utoto wake, mkamsikilize mpaka amalize, hata yale yanayouma, hata yale yanayotuaibisha sisi wa Kanisa. Akikubali, mpigeni picha, na nyuma yake mwandike jina lake kamili kama anavyolitaja yeye.

Mtakatifu Anna, bibi wa Bwana wetu, uwaombee watoto wote walionyang'anywa mikono ya mama zao. Utuombee sisi nasi, tusigeuze macho pembeni.

Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu